RIGHT: maana zake, matumizi yake, na mzigo wa neno "haki"

Neno la Kiingereza "right" lina silabi moja tu, lakini hakuna neno moja la Kiswahili linaloweza kulijibu. Katika gazeti la siku moja laweza kuwa upande wa barabara, jibu la mtihani, dai la mfanyakazi, kambi ya siasa, au kiitikio tu cha mazungumzo. Kiswahili kina neno lake kwa kila mahali kati ya hapo. Kwa upande mwingine, neno letu "haki" limebeba peke yake mambo ambayo Kiingereza kimeyagawia maneno kadhaa, yakiwamo "right" na "justice". Makosa mengi ya tafsiri katika jambo hili hayatokani na kutojua maneno. Hutokea pale ambapo lugha moja imegawa na nyingine imeunganisha, na mfasiri hakuona mpaka ulipopita.

Makala haya yanaeleza kwanza maana za kawaida za "right", kisha yanakaa zaidi kwenye maana ya haki, kwa kuwa hapo ndipo kosa la mfasiri linaweza kumgharimu mtu shamba, mshahara au uhuru wake.

1. Matamshi, aina na asili

Hutamkwa "rait". Herufi "gh" zilizo katikati hazitamkwi siku hizi. Zamani zilisimama mahali pa sauti iliyokaribiana na "kh" ya neno "kheri". Kwa sikio, neno hili halitofautiani na "write", kuandika, wala na "rite", ibada au desturi ya kidini. Mkalimani anayesikia bila kuona maandishi hutegemea muktadha.

Neno hutumika kama kivumishi, nomino, kielezi, kitenzi na kihisishi. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "riht", na maana yake ya msingi ilikuwa "nyoofu", isiyopinda. Lina undugu na neno la Kilatini "rectus" lenye maana hiyohiyo. Kutoka kwenye unyoofu wa mstari zikazaliwa maana nyingine: usahihi wa jawabu, wema wa tendo, na stahili ya mtu. Mwendo huo si mgeni kwetu. Nasi husema mtu fulani ni mnyofu, au kwamba mambo yamenyooka, tukipima tabia kwa kamba ya fundi.

2. Kipimo cha kinyume

Kabla ya kuchagua neno la Kiswahili, jiulize: katika sentensi hii, kinyume cha "right" ni nini?

- Ikiwa kinyume ni kushoto, tumia kulia au kuume.
- Ikiwa kinyume ni kosa la hesabu, la habari au la lugha, tumia sahihi, kweli au sawa.
- Ikiwa kinyume ni kitu kisichofaa, tumia kitenzi -faa, au mwafaka.
- Ikiwa kinyume ni uovu au dhuluma, tumia haki, -ema, halali au -adilifu.
- Ikiwa "right" ni nomino na mwenzake ni wajibu, tumia haki.
- Ikiwa hakuna kinyume chochote kinachoingia akilini, basi neno limetumika kutia mkazo tu; tumia hasa, kabisa, papo hapo, au urudufishaji.

Kipimo hiki hakimalizi kazi, lakini huondoa nusu ya makosa.

3. Upande: kulia na kuume

"Right hand" ni mkono wa kulia. Neno "kulia" limetokana na kitenzi -la katika kauli ya kutendea: mkono wa kulia ni mkono ambao mtu hulia chakula. Kauli hiyohiyo ndiyo iliyo katika "sahani ya kulia" na "chumba cha kulia". Jina la pili, mkono wa kuume, lina shina la "-ume". Kamusi za zamani ziliweka kando yake mkono wa kuke, yaani wa kushoto. Siku hizi kuume husikika zaidi katika lugha ya dini. Biblia ya Kiswahili ya Union Version husema mkono wa kuume. Kiingereza nacho kilipita njia ya jirani: kabla ya "right" kushika nafasi hiyo, mkono huo uliitwa kwa neno lililomaanisha "wenye nguvu zaidi".

Asili hii ina athari kwa mfasiri. "The right room" katika maelezo ya ramani ya nyumba, ikitafsiriwa "chumba cha kulia", msomaji ataona meza na sahani. Sema "chumba cha upande wa kulia" au "chumba kilicho mkono wa kulia". Pia "kulia" ni kitenzi cha kutoa machozi. "Mtoto wa kulia" katika maelezo ya picha ni maneno ya kutatiza, ilhali "mtoto aliye upande wa kulia" hayana utata.

Katika maandishi ya usalama barabarani, kutafsiri neno hakutoshi. Kenya, Tanzania na Uganda magari hupita kushoto mwa barabara. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hupita kulia. Dereva wa Dar es Salaam anayepinda kulia hukata njia ya magari yanayokuja mbele yake; wa Kigali anayepinda kulia hakati njia hiyo. Onyo lililoandikwa kwa ajili ya Nairobi likipelekwa Bujumbura bila kubadilishwa, Kiswahili chake kitakuwa sanifu na ushauri wake utakuwa wa hatari.

"The right" katika siasa ni mrengo wa kulia. Matumizi haya yalianzia Ufaransa mwaka 1789, wakati wajumbe waliotetea mamlaka ya mfalme walipoketi upande wa kulia wa mwenyekiti wa bunge lao. Hayana uhusiano na haki za raia. Tazama hapa umoja na wingi wa Kiingereza: "the right" ni mrengo, "rights" ni haki.

4. Usahihi: sahihi, kweli, sawa, barabara

"The right answer" ni jibu sahihi. "You are right" akiambiwa mtu aliyetoa maoni si "wewe ni sahihi", ingawa tafsiri hiyo imeenea. Kiswahili humsifu msemaji kwa kauli yake: "umesema kweli", "ni kweli", "hapo umenena", au "hukukosea". Sahihi ni sifa ya jibu, tarehe, tahajia au hesabu kabla ya kuwa sifa ya mtu.

Kumbuka kwamba "sahihi" pia ni nomino yenye maana ya alama ya mkono ambayo wengine huiita saini. "Weka sahihi" na "weka jibu sahihi" ni maagizo mawili tofauti, na katika fomu zilizobanwa maneno yamewahi kuchanganywa.

"Sawa" hufaa pale "right" inapokuwa ishara ya kukubali au ya kulingana. "Sawasawa" huongeza ukamilifu. "Barabara" ni neno la mkazo zaidi: kazi imekwenda barabara. Ni miongoni mwa maneno machache ya Kiswahili ambayo shada hubadili maana: ikiwekwa kwenye silabi ya pili tunapata kielezi hiki, ikiwekwa kwenye silabi ya tatu, kama ilivyo kawaida ya lugha, tunapata njia ya magari.

Katika hisabati, "right angle" ni pembe mraba, yaani pembe ya nyuzi 90. Hapa Kiingereza kimehifadhi maana ya kale ya unyoofu. "Pembe sahihi" ni kosa, na "pembe ya kulia" ni kosa zaidi.

5. Ufaao

"The right person for the job" ni mtu anayefaa kazi hiyo. "The right time" ni wakati mwafaka au wakati ufaao. "The right size" kwa nguo au viatu hutafsiriwa kwa kitenzi: viatu vinanitosha, gauni limenikaa. "In his right mind" ni mwenye akili timamu, maneno ambayo mtafsiri wa wosia atayahitaji mara kwa mara.

Katika kundi hili, mwanafunzi aepuke kutumia "sahihi" kila mahali. "Mtu sahihi" na "wakati sahihi" vimeshika nguvu katika uandishi wa habari, na msomaji ataelewa. Lakini anayetaka Kiswahili kilichotulia atapata "anayefaa" na "mwafaka" vikimngojea.

6. Wema wa tendo

"It is not right to mock the poor" si swali la usahihi, ni la maadili. Kiswahili kina ngazi hapa. "Si vizuri" ni kemeo jepesi. "Haifai" ni kemeo la malezi na adabu. "Si haki" huonyesha kwamba kuna aliyedhulumiwa. "Si halali" huleta sheria, hasa ya dini. Mwandishi wa Kiingereza ametumia neno moja. Mfasiri ndiye anayeamua uzito, na hawezi kukwepa uamuzi huo. Aangalie nani anasema, na je, kuna mtu aliyenyimwa kitu? Kama hakuna, "haifai" hutosha. Kama yupo, "si haki".

"Righteous" katika maandiko ya Kikristo ni mwenye haki. Nje ya muktadha wa dini, mtu wa namna hiyo ni mwadilifu au mnyofu.

7. Nomino: haki

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya.

*7.1 Asili ya haki*

"Haki" imetoka katika neno la Kiarabu "haqq", ambalo hubeba ukweli, uthabiti, na kile ambacho mtu anastahili kupewa. Al-Haqq ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Ndugu zake katika Kiswahili ni hakika, hakikisha, uhakika na stahiki. Ndiyo maana kiapo "haki ya Mungu" hakidai kitu kwa Mungu. Kinathibitisha ukweli wa kauli.

Hakimu, mahakama, hukumu na hekima si wa ukoo huu, ingawa sauti zinafanana na kazi zao hukutana. Hayo yametoka katika mzizi mwingine wa Kiarabu, wenye maana ya kuamua na kutawala. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba hakimu ameitwa hivyo kwa kuwa hutoa haki anawapa matumaini mema na etimolojia mbovu.

*7.2 Haki moja, haki nyingi*

Kiingereza hutenga "right", dai au stahili ya mtu, na "justice", hali ya mambo kwenda kwa uadilifu na kazi ya mahakama ya kuirejesha hali hiyo. Kiswahili hutumia haki kwa yote mawili. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ina sehemu iitwayo Haki na Wajibu Muhimu, iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984. Hapo haki ni "rights". Katiba hiyohiyo, inapoipa Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji haki, inazungumzia "justice". Katika wimbo wa taifa wa Kenya, haki imesimama mahali pa "justice". Tume iliyoundwa Tanzania mwaka 2023 kuangalia taasisi za haki jinai haikuhusu haki moja ya mtuhumiwa, bali mfumo mzima wa polisi, mashtaka, mahakama na magereza.

Je, msomaji wa Kiswahili hutambuaje? Mara nyingi kwa upatanisho. Haki ni nomino ya ngeli ya I-/ZI-, kwa hiyo umbo lake halibadiliki katika wingi. Tofauti yote hubebwa na viambishi vya maneno yanayoizunguka. Linganisha:

- haki ya asili: kanuni kwamba mtu asihukumiwe bila kusikilizwa na kwamba asiwe hakimu katika kesi yake mwenyewe;
- haki za asili: stahili ambazo binadamu huhesabiwa kuzaliwa nazo.

Ya kwanza ni "natural justice", ya pili ni "natural rights". Ni mafundisho mawili tofauti ya sheria na falsafa, na kinachoyatenga ni "ya" na "za". Vivyo hivyo, "haki ya kijamii" huelekea kwenye usawa katika jamii kwa jumla, na "haki za kijamii" ni orodha: elimu, afya, makazi. Mhariri anayebadili "ya" kuwa "za" kwa kudhani anasahihisha sarufi amebadili mada.

Vitenzi navyo husaidia. Haki *hutendeka*, *hutolewa*, *hucheleweshwa*: huko ni kwenye "justice". Haki *hudaiwa*, *hulindwa*, *hukiukwa*, mtu *huwa nayo*: huko ni kwenye "right". Pale ambapo sentensi ya Kiingereza ina maneno yote mawili, usiogope kuongeza maelezo. "The right to justice" ikiwa "haki ya haki" haisomeki. Sema "haki ya kutendewa haki" au "haki ya kufikia vyombo vya sheria", kwa kadiri muktadha unavyotaka.

*7.3 Ya nani, na ya nini?*

Kiingereza husema "the right of" kwa mwenye haki na, mara nyingi, "the right to" kwa kitu chenyewe. Kiswahili hutumia kihusishi -a kwa vyote. "Haki ya mtoto" ni haki aliyo nayo mtoto; lakini "haki ya ardhi" si haki iliyo mali ya ardhi. Muktadha hutosha katika mifano hiyo, ila sentensi ikirefuka utata huongezeka. Utaratibu ulio salama ni kumtaja mwenye haki kwanza, kisha kitu: "haki ya mwanamke ya kurithi ardhi", "haki za wafanyakazi za kujiunga na vyama". Kitu kikiwa tendo, tumia kitenzi-jina: "haki ya kuishi", "haki ya kusikilizwa", "haki ya kukata rufaa".

*7.4 Haki za binadamu au za kibinadamu?*

Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa na Umoja wa Mataifa jijini Paris tarehe 10 Desemba 1948, likiwa na vifungu 30. Maumbo yote mawili, "haki za binadamu" na "haki za kibinadamu", yanatumika. La pili husikika zaidi nchini Kenya. Tunapendekeza la kwanza, kwa sababu "kibinadamu" lina kazi nyingine: "msaada wa kibinadamu" ni chakula na mahema kwa walioathirika, na "sheria ya kimataifa ya kibinadamu" ni ile inayoongoza mwenendo wa vita. Ripoti inayozungumzia kambi ya wakimbizi huhitaji maneno haya yote katika ukurasa mmoja.

*7.5 Haki na mali*

"Copyright" ni hakimiliki, na "all rights reserved" ni ile kauli iliyo mwanzoni mwa vitabu vyetu: haki zote zimehifadhiwa. Lakini katika masuala ya ardhi nchini Tanzania, hakimiliki ina maisha mengine. Kwa mujibu wa sheria za ardhi za mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Anachopewa mwananchi ni "right of occupancy". Kijijini, hati inayothibitisha haki hiyo huitwa hati ya hakimiliki ya kimila. Mfasiri anayeirudisha hati hiyo katika Kiingereza akaandika "ownership" amempa mtu kitu ambacho sheria haikumpa. Akiandika "copyright" amempa kichekesho. Neno ni "right of occupancy", na hakuna njia ya mkato.

8. Kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza: "Nataka haki yangu"

Tuseme mjane amesimama mbele ya baraza la ardhi na kusema maneno matatu: "Nataka haki yangu." Mkalimani anayeandika kumbukumbu kwa Kiingereza ana njia tatu. "I want justice" humfanya mlalamikaji anayeomba uamuzi wa haki, bila kutaja kitu. "I want my right" humfanya mdai wa stahili inayotambuliwa na sheria, mathalani ya kurithi. "I want my due" au "my share" humfanya mtu anayejua kuna fungu lake, labda robo ya shamba au nyumba, na kwamba kuna mtu amelikalia. Yeye hakuchagua kati ya hayo. Katika lugha yake yote yamo pamoja. Lakini kumbukumbu itakayosomwa katika rufaa itakuwa na moja tu.

Mkalimani mwangalifu ana mambo mawili ya kufanya. Kwanza, aombe idhini ya kuuliza: "Haki ipi, mama?" Swali hilo fupi halimwongozi shahidi, na mara nyingi jibu lake ndilo kiini cha kesi. Pili, kama hawezi kuuliza, aandike tafsiri iliyo pana na kulihifadhi neno "haki" lenyewe kando yake, ili anayesoma baadaye ajue kwamba palikuwa na uchaguzi.

Jambo kama hili hutokea kazini pia. "Hajalipwa haki zake" ikitafsiriwa "he has not been paid his rights" haisemi kitu kwa Kiingereza. Anayezungumziwa anadai mshahara uliobaki, malipo ya likizo au kiinua mgongo: "his dues", "his entitlements". Na "ana haki juu yangu" si kwamba ananitawala. Ni kwamba anastahili kutendewa jambo nami. Haki ya jirani, haki ya mgeni, haki ya mke juu ya mumewe: katika semi hizi haki hutajwa pamoja na yule anayepaswa kuitimiza. Kiingereza cha sasa hupenda kumtaja mwenye haki peke yake na kumwacha mdaiwa nyuma ya pazia, kwa hiyo mfasiri hulazimika kumtaja waziwazi.

Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, isipokuwa kwa sababu maalumu. Sheria na hukumu za miongo mingi zimo katika Kiingereza, na kazi ya kuzihamisha ni kubwa. Tofauti zilizoelezwa hapa, za "ya" na "za", za stahili na uadilifu, zitaamuliwa katika kazi hiyo mara nyingi kwa siku, na watakaoishi na maamuzi hayo wengi hawatasoma kamwe matini ya Kiingereza.

9. Kielezi, kitenzi na kihisishi

Kama kielezi cha mkazo, "right" huyeyuka katika Kiswahili: "right now" ni sasa hivi, "right here" ni hapa hapa, "right away" ni mara moja au papo hapo, "right in the middle" ni katikati kabisa, "right to the end" ni mpaka mwisho. Usitafute neno la kuliwakilisha; urudufishaji umekwisha kufanya kazi hiyo.

Kama kitenzi, "to right a boat" ni kuinua mashua iliyopinduka na kuisimamisha. "To right a wrong" ni kuondoa dhuluma au kumrudishia mtu haki yake. "To put right" kosa la maandishi ni kusahihisha. La mtambo ni kutengeneza. La mwenendo ni kurekebisha.

Katika mazungumzo, "right" ya kufungua jambo ni "haya": "Haya, tuanze." Ya kukubali ni "sawa" au "naam". Ya kuomba uthibitisho mwishoni mwa sentensi ni "sivyo?", "au siyo?" au "si ndiyo?". Mwandishi wa tamthilia achague kwa kufuata umri na mahali pa mhusika wake.

10. Misemo

- "Might is right": mwenye nguvu mpishe. Kwa maelezo: mwenye nguvu ndiye mwenye haki.
- "It serves him right": amejitakia mwenyewe, amevuna alichopanda. Usitumie haki hapa.
- "By rights": kwa haki, ilivyopasa.
- "In her own right": kwa nafsi yake, si kwa jina la mume au baba.
- "You are within your rights": sheria inakuruhusu, huna kosa ukifanya hivyo.
- "Birthright": haki ya kuzaliwa; ya kifungua mimba, haki ya mzaliwa wa kwanza.
- "Right of way": katika sheria ya ardhi, haki ya kupita katika ardhi ya mwingine, barabarani, haki ya kupita kwanza.
- "Right-hand man": msaidizi wa karibu, mkono wake wa kulia.
- "Right Honourable": Mheshimiwa. Kivumishi hiki ni cha itifaki, wala hakitafsiriwi peke yake.

11. Muhtasari kwa mfasiri

Tafuta kinyume kwanza. Usimwite mtu "sahihi" pale unapoweza kusema amesema kweli. Tenga kulia kwa upande na kulia kwa mlo. Ukiandika haki, angalia kiambishi kinachofuata: kinaonyesha kama unazungumzia haki moja, haki nyingi, au haki kwa jumla. Ukisoma haki, uliza ni ya nani, ni ya nini, na nani anayepaswa kuitoa.

Mwalimu anayetafuta mfano wa kufungia somo awape wanafunzi methali hii waitafsiri: *Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.* Watakaoandika "right" watabanwa na swali la haki ipi. Watakaoandika "justice" watabanwa na ile kamba ya shingoni, kwa kuwa anayenyongwa kwa unyonge wake ametendewa haki gani? Kinachosemwa ni kwamba hata usiyempenda, sifa anayostahili usimnyime. Kwa Kiingereza hilo ni "due" au "credit". Neno "right" halimo kabisa katika tafsiri iliyo sawa, na mwanafunzi atakayeligundua hilo mwenyewe atakuwa amelielewa somo.